Hesabu za Migombani

Temeke, Dar es Salaam
11 Februari 1951

Dada Felicitas,

Shikamoo. Kifurushi cha buni kimefika salama, nami nimefika nacho nyumbani kwa taabu, maana mzee Hamoud bin Thuwaini, huyu mwenye duka ambaye barua zangu hupitia kwake, alitaka kifunguliwe pale pale juu ya mizani. Anasema tangu azaliwe hajaona watu wanaotafuna kahawa badala ya kuinywa. Nikampa mbili. Moja aliitafuna huku amekunja uso, ya pili akaitia mfukoni, nadhani kwa adabu tu.

Lakini chini ya buni, dada, ulificha nini? Nilikitoa kijitabu kile nikasoma ukurasa wa kwanza nimesimama barazani, halafu nikakifunika kwa kiganja. Unasema kilikuja ndani ya kasha la vitabu vya ng'ambo mlilopewa shuleni kwenu, na kwamba Kiingereza chako kimekwama ukurasa wa pili. Changu kimefika mwisho. Ni mataifa yamekutana Paris mwaka wa arobaini na nane, yakaandika vifungu thelathini kuhusu haki alizo nazo kila mtu kwa kuwa ni mtu tu. Kifungu cha tano nimekisoma mara nne. Kinasema asiwepo mtu wa kuteswa, wala wa kupewa adhabu ya kumdhalilisha.

Nilimkumbuka Baba, huna haja ya kuuliza. Nilikuwa na miaka sita tu, lakini ile baraza ya mkungu, jumbe wetu wa kijiji, naiona kama jana. Baba amelazwa kifudifudi kwa sababu hakwenda kazi ya barabara siku ambayo mama alikuwa mgonjwa. Askari anapiga, na karani amesimama pembeni na daftari lake, anahesabu kwa Kiswahili, kwa sauti safi kama ya mwalimu. Mpaka ishirini na nne. Zile ndizo zilikuwa hesabu za kwanza za Kiswahili kuingia sikioni mwangu, na mwa Baba pia.

Unaniambia nikifasiri niwafundishe watoto. Dada, wewe uko mbali. Mwalimu wetu mkuu, Bwana Gregori, hapendi hata gazeti lionekane mezani. Nitakifasiri kwa ajili yako. Kufundisha, hapana.

Mdogo wako,
Ansbert Kamugisha

*

Bukoba
4 Machi 1951

Mdogo wangu,

Marahaba. Kwa hiyo nimekutumia kijitabu kutoka ziwani hadi pwani, kimepanda meli na gari moshi, ili ukifasiri kisha ukilaze sandukuni kama kanzu ya harusi? Ningekuwa na habari ningekutumia buni peke yake.

Baba hajambo kwa kadiri yake. Mgongo umezidi kupinda, sasa anatazama ardhi tu, na ukimsalimu anakujua kwa miguu. Bado hataki mtu ahesabu kwa sauti nyumbani. Juzi mtoto wa jirani alikuwa anahesabu mikungu ya ndizi uani, moja, mbili, tatu, Baba akaondoka na mkongojo wake akaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka yule mtoto alipokwenda zake.

Umesahau ulivyojifunza hesabu? Nilikuwa nakupeleka katikati ya migomba, mbali na nyumba, tunainama chini ya majani makavu, tunahesabu kwa kunong'ona. Ulikuwa unaniuliza kwa nini watoto wengine wanahesabu barazani kwao kwa kupiga kelele. Sikukujibu. Leo nakujibu: kwa sababu baba zao hawakuhesabiwa. Na wewe ndiye uliyetoka migombani ukawa mwalimu. Kama huwezi kuwasomea watoto karatasi inayosema jambo lile halikuwa halali, basi nilipoteza muda wangu na magoti yangu.

Padri wetu anasema ukweli hauna haraka. Mimi nasema una miaka ishirini na minne unangoja.

Dada yako,
Felicitas

*

Temeke
2 Aprili 1951

Dada,

Shikamoo, na Pasaka njema iliyopita. Umeshinda, kama kawaida yako.

Nimevipitisha vifungu katika imla. Kila Ijumaa darasa la sita huandika imla, na hakuna anayeuliza mwalimu ametoa wapi maneno ya imla, mradi nukta na herufi kubwa ziwe mahali pake. Wiki ya kwanza nilisoma kifungu cha kwanza, wakaandika. Wiki ya pili wakaanza kuinua vichwa. Ijumaa iliyopita tulifika cha tano, na baada ya kukusanya madaftari hakuna aliyetoka nje, ingawa kengele ilikwisha kulia.

Mmoja akauliza, "Mwalimu, hata mtoto?" Nikasema hata mtoto. "Hata sie wa huku Temeke?" Nikasema hakuna kifungu kinachoitenga Temeke. Walicheka, lakini si kicheko cha utani.

Kuna kijana anaitwa Jamali, baba yake seremala wa Keko. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, na kwa sababu hiyo Bwana Gregori amempa kazi ya kuandika kitabu cha adhabu: jina la aliyepigwa, kosa lake, idadi ya fimbo, na jina la mwalimu aliyepiga. Jamali aliniuliza, "Kifungu hiki kinaanza lini?" Nikamwambia kimekwisha kuanza, tangu Desemba ya mwaka wa arobaini na nane. Akafikiri, akasema, "Basi kina miaka miwili na miezi mitatu, na mie mwezi huu nimeandika kitabuni fimbo arobaini na moja." Hakusema kwa ujeuri. Alikuwa kama anataka kujua ni nani amekosea, yeye au kitabu.

Dada, nilirudi nyumbani naimba. Asubuhi huwa nawafundisha darasa la kwanza kuhesabu, uwanjani, kwa kelele zote: mimi nikisema moja, nao moja, nikisema mbili, nao mbili, mpaka mzee Hamoud dukani kwake anaziba masikio. Huwa nafikiri, hivi ndivyo nilivyotaka kuhesabu nikiwa mdogo. Siku ya Jumatatu waliponiitikia nilikaribia kulia.

Kama Bwana Gregori akijua, nitasimama. Nimekwisha amua.

Ansbert

*

Temeke
13 Mei 1951

Dada Felicitas,

Barua hii nakuandikia wewe. Soma umekaa.

Bwana Gregori ana shamba lake la mihogo Kipawa, na kila Jumatano mchana huwapeleka wanafunzi wakalime, akiita kazi ya shule. Jumatano iliyopita Jamali alimwuliza, kwa heshima, kama shamba lile ni la shule au la mwalimu mkuu. Basi. Hilo ndilo kosa. Alhamisi asubuhi shule nzima ikapangwa mistari uwanjani, Jamali akaitwa mbele apigwe sita. Akasema mbele ya watu wote kwamba amefundishwa kifungu cha tano, akakisema neno kwa neno, na mkono ameushusha kando kama anayesoma shairi. Bwana Gregori akanigeukia mimi, akaninyoshea fimbo nimpige.

Dada, nilikataa. Fimbo ile niliitupa chini. Nikamwambia sitafuta kwa mkono kile nilichoandikisha kwa chaki. Bwana Gregori alibaki kinywa wazi, akaamuru watu waingie madarasani, na mtoto akarudi dawatini kwake. Nangoja kufukuzwa, lakini mpaka leo hakuna neno.

Sina zaidi. Mkono umechoka.

Ansbert

*

Bukoba
10 Juni 1951

Ansbert, mdogo wangu, mwanangu niliyekulea,

Nianzie wapi? Barua yako niliipata Jumamosi. Jumapili baada ya Misa watu walikuja nyumbani kama desturi, wamesikia kuna barua ya pwani. Unajua barua ya pwani hapa kwetu haina mwenyewe. Nikaisoma mbele yao wote, nikiigeuza kwa Kihaya kila sentensi. Nilipofika "fimbo ile niliitupa chini", Baba akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena."

Halafu, Ansbert, alisimama. Akamwomba jirani Theonest amsaidie kuvua kanzu. Akatugeuzia mgongo. Mimi ni bintiye, namwogesha, lakini sikuwa nimepata kuuona mgongo ule mchana, mbele za watu, yeye mwenyewe akiuonyesha. Akasema, "Huyu aliyekataa fimbo ni wa kwangu." Miaka ishirini na minne hakulitaja jambo lile hata kwa padri. Wanawake walilia. Theonest, ambaye hukumbuka deni la chumvi la mwaka juzi, alitoka nje akaleta kuku.

Sasa kila Jumapili anataka nisome tena. Barua yako analala nayo chini ya mto.

Na kuna jambo jingine. Baba amechagua buni kwa mkono wake mwenyewe, moja moja, akazifunga kwenye jani la mgomba kama zile za mgeni mkubwa, nitume kwa Jamali. Kwetu mtu akikupa buni umekuwa wa nyumba yake, mweleze hivyo. Nitakituma kifurushi kwa meli ijayo kwa jina la kijana mwenyewe, kwa mkono wa mzee Hamoud, pamoja na barua yangu fupi.

Nilikulazimisha, na usiku nilikuwa naogopa nimekuponza. Leo namshukuru Mungu kwamba nilikulazimisha.

Felicitas

*

Temeke
2 Julai 1951

Dada,

Usiisome tena barua ile kwa watu. Nakuomba. Nilikuandikia wewe peke yako. Mwambie Baba karatasi imeliwa na mchwa, au imelowa, sema lolote.

Na kifurushi cha Jamali, kama hakijaondoka usikitume. Kama kimeondoka basi, nitakichukua mimi dukani na kumpa kwa wakati unaofaa. Yeye ni mtoto, asije akavimba kichwa.

Nipo. Sijafukuzwa. Tuna mvua kidogo zisizo za msimu.

Ansbert

*

Bukoba
10 Juni 1951
(Ndani ya kifurushi cha buni)

Kwa kijana Jamali, Keko,

Hunijui. Mimi ni dada yake Mwalimu Ansbert, nami pia ni mwalimu. Mdogo wangu ametuandikia ulivyosimama mbele ya shule ukasema kifungu cha tano, na yeye alivyoitupa fimbo chini asikupige. Baba yetu mzee amefurahi hata akasimama wima kuliko nilivyomwona miaka mingi. Buni hizi ni zake, amezichagua mwenyewe. Anasema wewe na Ansbert sasa ni ndugu. Zitafune, usizisage.

Soma kwa bidii, mwanangu. Mwenyezi Mungu akulinde.

Felicitas

*

Keko
10 Julai 1951

Kwa Bi Felicitas,

Shikamoo. Barua yako na kifurushi nimevipata Idd pili. Mzee Hamoud alinipa mkononi. Aliniambia Mwalimu alikwisha kuja kukiulizia, akamwomba ampe yeye, naye mzee Hamoud akamjibu kwamba amana humfikia mwenyewe.

Bi, nimekaa siku mbili sijui niandike nini. Mwalimu alitufundisha kwamba barua ikishatiwa saini ni kama kiapo, ndiyo maana naandika kweli, uniwie radhi.

Mwalimu alinipiga. Fimbo hakuitupa. Ni sita, na mie mwenyewe ndiye niliyeziandika kitabuni baadaye, maana kitabu kile kazi yangu, na Bwana Gregori alisema kazi ni kazi. Nimeandika: Jamali, darasa la sita, kosa ujeuri, fimbo sita, mpigaji Mw. A. Kamugisha. Wino uliruka kidogo kwenye herufi K lakini inasomeka.

Sikusema haya ili umchukie. Mwalimu ni mtu mwema, alikuwa ananiazima vitabu. Hata pale uwanjani nilimwona anavyotetemeka, nikamwambia polepole apige tu, maana kama angefukuzwa nani angetufundisha. Nilidhani baadaye ataniambia neno. Hakuniambia. Ijumaa ile imla ilikuwa juu ya faida za muhogo.

Sasa siendi shule. Hakunifukuza mtu. Ila nikikaa darasani nilikuwa namtazama Mwalimu naye anatazama dirisha, wala hapakuwa na somo. Nampigia baba randa, tunatengeneza meza na viti vya mkahawa. Daftari langu la imla baba anachorea vipimo vyake kwenye kurasa zilizobaki, maana karatasi ni nzuri.

Buni nakurudishia. Sijala hata moja. Mzee alimpa mtu ambaye hakupigwa, na mie nimepigwa, basi si zangu. Mwambie nimeshukuru sana, na pole kwa mgongo.

Mimi,
Jamali

*

Bukoba
5 Agosti 1951

Ansbert,

Buni zimerudi.

Nilizipokea bandarini, nikafungua pale pale nikidhani kijana ametuma zawadi ya pwani. Nimeisoma barua yake nimekaa juu ya gunia la mtu. Ulipoandika usiisome tena, nilidhani ni unyenyekevu. Nilicheka, nikamwambia Theonest, "Huyu mtoto hajui kusifiwa." Mimi mjinga.

Leo Jumapili nimeisoma barua yako mara ya tisa. Nimesoma nikijua. Baba alikaa mbele yangu na mkono nyuma ya sikio, kama kila wiki, na nilipofika pale akasema "Rudia", nikarudia. Nilisikia sauti yangu ni ile ile ya wiki iliyopita, haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Uongo wako sasa nausoma vizuri kuliko wewe ulivyouandika.

Sikulaumu kwa fimbo. Nasema kweli. Mimi nilikuwa huku, nimekaa na chai yangu, nikikusukuma kwa kalamu. Fimbo ile nusu yake nimeishika mimi. Lakini mzee amevua kanzu, Ansbert. Amevua kanzu mbele za watu kwa ajili ya jambo ambalo halikuwapo. Nani atamvalisha?

Siwezi kumwambia mimi. Mwandikie mwenyewe. Nitamsomea neno kwa neno, tukiwa wawili tu, yeye na mimi.

Felicitas

*

Temeke
26 Agosti 1951

Baba yangu,

Anayekusomea ni Felicitas. Nimemwomba asiruke neno.

Baba, barua ile iliyo chini ya mto wako si ya kweli. Yule kijana nilimpiga. Bwana Gregori alinipa fimbo, akasema, "Mwalimu Ansbert, huyu ni mwanafunzi wako. Ama umpige sita, ama uchukue vitu vyako uondoke, na kijitabu chako nitakipeleka bomani kwa bwana shauri leo hii." Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyaandaa tangu Pasaka, nikiyasema peke yangu njiani. Yalipotakiwa sikuyaona. Niliona chumba changu, kitanda changu, joho la ualimu nililolitafuta miaka yote, na nyinyi mnasikia nimerudi mikono mitupu na askari nyuma yangu. Nilidhani labda nikiinua mkono, mkono wenyewe utakataa. Haukukataa. Mkono ni mtiifu sana, Baba, sikujua.

Kijana hakulia. Aliponiambia nipige tu, nilimchukia kwa dakika moja, kwa sababu alikuwa ameniona. Nikampiga sita kamili.

Mchana ule niliandika barua, nikaandika yale niliyotamani yawe yametokea. Nilimwandikia dada peke yake. Nilisahau kwamba barua ya mtoto wa Bukoba husomwa na ukoo mzima, nilisahau kama mtu asiyezaliwa huko. Au sikusahau. Huenda nilitaka uisikie.

Kijitabu kile Bwana Gregori alikichukua hata hivyo. Bado nafundisha. Kila mwezi napokea mshahara wangu na kila mwezi naona jina langu katika kitabu cha adhabu, kwa mwandiko wa Jamali. Keko sipiti tena, nazunguka njia ya mbali.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uvae kanzu yako, usione baridi kwa ajili yangu.

Mwanao,
Ansbert

*

Bukoba
16 Septemba 1951

Ansbert,

Nimemsomea. Sikuruka neno.

Tulikuwa wawili, nimefunga mlango. Nilipomaliza akatia mkono chini ya mto akaitoa ile barua ya kwanza. Hakuichana. Aliishika tu, akawa anaikunja na kuikunjua.

Akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema. "Aliyenipiga mimi alikuwa askari wa watu. Aliagizwa. Jina lake silijui, na sijamwombea mabaya, maana niliona jasho lake. Kijana wangu naye ameagizwa. Mtu akiagizwa huwa kama jembe, analima anayelishika. Lakini pale palikuwa na mwingine, hakushika fimbo, hakuna aliyemtisha. Yule aliyehesabu. Yeye ndiye ninayemsikia mpaka leo."

Akaniuliza, "Kijana alipopigwa, nani alihesabu?"

Nikamwambia sijui, barua haisemi, bila shaka ni mwalimu mkuu, maana yeye ndiye mwenye adhabu. Akasema, "Usinijibu wewe. Muulize."

Basi nakuuliza. Barua yako ya kwanza bado ameishika, mchana kutwa, hata akila. Amesema ukijibu kwamba alihesabu mwingine, ataitia motoni yeye mwenyewe, yaishe, na wewe uje Krismasi ule naye. Zile buni zilizorudi amezitundika juu ya mlango zikungoje. Nimemwuliza, na kama si mwingine? Aligeuza uso ukutani.

Ansbert, usiku na mchana naomba awe ni Bwana Gregori. Lakini usinihurumie mimi, wala usimhurumie yeye. Hatuwezi kubeba barua nyingine kama ile.

Felicitas

*

Temeke
7 Oktoba 1951

Dada Felicitas,

Shikamoo.

Nilihesabu mimi.

Hakuna aliyeniamuru. Bwana Gregori alisema nipige sita, hakusema nihesabu. Nilipoinua fimbo mara ya kwanza nikajisikia nimesema "moja", kwa sauti safi, ile sauti ya uwanjani ninayofundishia asubuhi. Nadhani nilihesabu ili nisimsikie mtoto. Nikasema mbili.

Nilipofika tatu, watoto wadogo wa darasa la kwanza, waliokuwa mstari wa mbele, wakaanza kuitikia. Walidhani ni somo. Mimi nikasema tatu, nao wakasema tatu. Nikasema nne, nao nne, kwa furaha, kwa kelele zote, kama nilivyowazoeza. Tulimaliza pamoja.

Msomee.

Ansbert